Boti Katikati ya Mizabibu

Mjane wa Gabriel alinishika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya shemeji zake na mbele ya akina mama waliokuwa wakikusanya sahani, akaniambia, "Dada Hadija, mimi nilishakusamehe zamani." Nilikuwa nimekwenda kuzika kama watu wengine. Nimevaa kitenge, nimetoa rambirambi yangu, nimekaa nyuma. Nikamjibu, "Asante." Ni neno hilo moja tu, na tangu siku ile limekataa kushuka kooni, kwa sababu hapakuwa na cha kusamehewa. Mama wa watu ameishi zaidi ya miaka thelathini akiamini kwamba karani mmoja wa shamba la zabibu alimpenda mumewe kabla ya ndoa yao, akaachwa. Wote waliotufahamu wakati ule waliamini hivyo. Mama yangu mzazi amekufa akiamini hivyo. Na mimi ndiye niliyewaacha waamini, maana msichana aliyeachwa na mwanamume anaeleweka, watu wanajua wamwambie nini na wampikie nini. Ukweli nani angeuelewa? Sikumtaka Gabriel hata siku moja. Nilichokitaka ni boti.

Asubuhi ya siku hiyohiyo, kijana mmoja wa ukoo alikuwa amesoma wasifu wa marehemu. Alisoma shule alizopita, vyeo alivyoshika katika upimaji wa ardhi, watoto aliowaacha. Halafu akasema kwamba marehemu alipenda sana mashua, na kwamba akiwa kijana alikuta mashua ya tanga imetelekezwa kwenye banda, imeoza, akaifufua kwa mikono yake mwenyewe mpaka ikaelea Mtera. Watu walitikisa vichwa kwa kumstahi. Mzee mmoja kando yangu akasema, "Alikuwa na bidii sana huyu." Mimi nilitazama vidole vyangu. Kidole gumba cha kulia hakijawahi kunyooka sawasawa tangu mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipopata kazi Makutupora. Ya nyumbani Kolo nayaacha, hayakuwa na mchango wowote katika jambo hili. Shamba lilikuwa la mtu binafsi, mtaalamu wa mvinyo kutoka ng'ambo ambaye sisi tulimwita Bwana Paolo, ingawa mimi sikuwahi kumwona. Alikuwa ameugua na kurudishwa kwao miezi michache kabla sijafika. Msimamizi wake, Bwana Masima, alinipokea kwenye ofisi yenye madirisha mawili na harufu ya zabibu zilizochacha, akanionyesha mashine ya kuchapa ambayo herufi ya k ilikuwa inanata, akanikabidhi funguo moja moja. Hii ya ofisi. Hii ya stoo ya dawa. Hii ya choo cha wageni. "Na hii ya boti," akasema.

"Boti gani, Bwana Masima?"

"Utaiona. Inauzwa. Jumamosi watu wanakuja kuitazama, wewe utawafungulia na kuwafungia. Usiwaache wavute sigara ndani."

Nilidhani ananitania mgeni. Nje palikuwa na vumbi jekundu na mistari ya mizabibu hadi kwenye vilima, na maji pekee niliyoyaona ni yale ya pipa la kunawia. Lakini nyuma ya ghala la mapipa palikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda, juu ya magogo manne, ilikaa mashua ya tanga, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyolala, ndefu kama hatua kumi zangu, tumbo lake limebinuka kama la samaki. Bwana Paolo alikuwa ameinunua kuukuu kwa mtu mwingine, ambaye naye aliinunua kuukuu. Alitaka kuipeleka kwenye bwawa kubwa la Mtera, akawa anangoja nafasi, mwaka ukaisha, mwingine ukaanza, mwishowe akaugua. Kuku walikuwa wametaga ndani yake. Nilipanda ngazi nikiwa na ufagio, nikashuka kwenye kile chumba cha ndani, na nikasahau kufagia. Palikuwa na vitanda viwili vyembamba, meza ya kukunja, jiko la moto mbili, beseni dogo la kuoshea vyombo, kabati lenye milango ya kusukuma, na dirisha la duara kila upande. Kila kitu kilikuwa na mahali pake na hakuna kilichozidi. Nilikuwa sijawahi kulala katika chumba cha peke yangu maishani. Nilikaa kwenye kile kitanda cha kushoto nikasikia moyo unanienda mbio kama wa mtu anayeiba.

Chini ya kitanda palikuwa na boksi la magazeti ya ng'ambo, yote ya mashua zilizotumika zinazouzwa. Nilianza kuyasoma saa ya chakula, kamusi pembeni. Kila mashua ilikuwa na picha yake na maneno machache: umri wake, bahari ilizopita, sababu ya kuuzwa. Mwenyewe amezeeka. Mtoto amezaliwa. Mke hapendi maji. Nilizichagua kama wasichana wenzangu walivyochagua vitambaa dukani. Hii ina jiko zuri lakini chumba chake kina giza. Hii mlingoti wake mrefu mno. Kila mara nilipomaliza nilirudi kwa ile ya kwetu bandani, na kila mara niliona ndiyo bora kuliko zote, na nikiwa peke yangu nilianza kuiita yangu.

Jumamosi walikuja. Dodoma ya wakati ule haikuwa na pa kwenda, na habari ya boti katikati ya mizabibu ilikuwa imesambaa maofisini. Walikuja makarani wa Bunge na viatu vilivyong'aa, walikuja walimu, manesi, mhasibu mmoja aliyevua viatu kabla ya kupanda kama anaingia msikitini. Nilisimama chini, kwenye kivuli cha ubavu wa boti, na kwa kuwa ubavu ulikuwa mwembamba nilisikia yote. Sijui kwa nini watu walidhani mle ndani hawasikiki. Mheshimiwa mmoja alimwambia rafiki yake, "Ningekuwa na hii, jimboni wangenisikia redioni tu." Padri mmoja alikaa mle ndani karibu saa nzima, aliposhuka akaniambia asante na macho yamemwiva. Nawakumbuka zaidi mwalimu mmoja mstaafu na mkewe. Mke alisema, "Baba Rehema, na hiki utanipeleka wapi?" Mume akasema, "Popote utakapo." Mama akacheka. Kisha nikasikia mama yule anasema taratibu, kwa sauti nyingine kabisa, "Haya, nipeleke." Hawakurudi tena. Hakuna aliyerudi. Walikuja, wakakaa, wakachagua kitanda, wakashuka na vumbi kwenye magoti, wakaenda zao. Nilikuwa nawahurumia, na huruma hiyo ilikuwa na majivuno ndani yake, kwa sababu wao walipoondoka mimi ndiye niliyebaki na ufunguo.

Gabriel alikuja mwezi wa nane kupima mipaka ya shamba. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, msomi, mcheshi kwa kila mtu. Yeye hakupanda kwanza kama wengine. Aliingia chini, akalala chali kwenye vumbi na suruali yake ya ofisini, akapapasa ule mkuku, ubao wa chuma chini ya tumbo la boti unaopandishwa na kushushwa. Alipotoka aliniuliza, "Nani anaitunza?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Hadija. Karani."

"Basi Hadija karani, hii kitu bado nzima. Ina ufa mmoja tu. Tanga liko wapi?"

Nilimwonyesha. Panya walikuwa wamelikula mpaka mahali pengine ungeweza kupitisha kichwa. Alisikitika kweli. Nikamwambia kuna tanga lingine dogo la akiba, naweza kulikata viraka nikashona. Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Aliwahi kupanda mashua ya namna ile mara mbili akiwa Mwanza, na ndiye mtu wa kwanza niliyekutana naye ambaye alizungumza habari ya boti ile kama kitu kitakachotoka bandani. Hapo ndipo aliponipata. Angekuwa kibogoyo wa miaka themanini angenipata vilevile.

Tulifanya kazi kila Jumamosi na Jumapili. Yeye aliziba ufa, akapiga rangi, akanyoosha vyuma. Mimi nilishona. Kile kitambaa hakikupita kwenye cherehani yoyote ya Makutupora, kwa hiyo nilishona kwa mkono, kwa sindano ya magunia na uzi niliopaka nta, kipande cha ngozi nimekifunga kiganjani, kidole gumba kikisukuma sindano mpaka kikapinda. Tanga lilijaza sakafu yote ya ghala. Nilitambaa juu yake kwa magoti miezi mitatu, mshono mara mbili kila upande, na nilipokosea nilifumua nikaanza upya. Mchana tulikula mle ndani ya boti, meza imekunjuliwa: ugali wa uwele na mlenda alioleta Mama Ndahani, mpishi wa shamba, Mgogo wa palepale, na msimu wa mavuno tulikula zabibu mpaka midomo ikatuwasha. Gabriel alichora ramani ya Mtera juu ya meza kwa kidole kilicholowa. "Tutaanzia hapa, tutalala huku, asubuhi tunavuka." Kila alichosema alianza na "tuta". Mimi nililihesabu lile "tuta" kama mtu anavyohesabu siku.

Mama Ndahani hakuwa mtu wa kuzunguka. Siku moja naosha sufuria zake aliniuliza, "Mwanangu, huyu kijana anakutaka wewe au anaitaka hiyo boti?"

"Boti, mama."

"Na wewe?"

"Boti."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Ingekuwa mnatakana," akasema, "mngegawana."

Barua ndiyo iliyoniua, na niliichapa mimi. Mwezi wa kumi na mbili Gabriel alisema tumwandikie Bwana Paolo, tumweleze kazi ilipofikia, tumwombe atuachie boti kwa kuwa wanunuzi hawapo. Nikaweka karatasi kwenye mashine. Akasimama nyuma yangu akinisomea. Nilichapa "sisi". Akanigusa bega. "Sikiliza, Hadija. Yule mzee hatufahamu. Akisoma karani na mpima, ataona watoto wanacheza. Akisoma mtaalamu mmoja anayejua anachofanya, ataamini. Tuandike 'mimi'. Ni kwa ajili ya barua tu."

Nilikaa na vidole juu ya herufi. Nakumbuka inzi kwenye kioo cha dirisha, nakumbuka nilitaka kusema kwamba hata mtaalamu mmoja anaweza kuwa mimi. Sikusema. Nilitoa karatasi, nikaweka nyingine, nikachapa: nimeziba ufa, nimenyoosha usukani, nimeshona tanga kwa mikono yangu. Herufi ya k ilinata kama kawaida, nikaibandua. Akasaini. Nikalamba bahasha. Leo nikisikia mtu anasoma wasifu kwenye msiba wa Gabriel na kusema alifanya kwa mikono yake, siwezi hata kusema kijana yule amedanganya. Iko kwenye maandishi. Mwandishi ni mimi.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba, kwa mwandiko unaotetemeka. Mzee alisema hataki tena kuiuza. Anampa Bwana Gabriel boti hiyo iwe mali yake, kwa sharti moja, aitie majini kabla yeye hajafa. Gabriel alinirusha juu kama mtoto pale ofisini. "Ni yetu!" alisema. Bwana Masima alitutazama kwa tabasamu la mtu anayengoja kadi ya harusi.

Tuliipeleka Mtera mvua zilipopungua. Mimi nilikaa kwenye bodi la lori pamoja na boti, nimeegemea ubavu wake, na njia nzima watu walitoka majumbani kuishangaa. Nilikuwa na gauni jipya na ndani ya mkoba mkasi, sindano na uzi, iwapo mshono utaachia. Tulipofika ufukweni nikakuta magari mawili yametutangulia. Mkuu wake wa kazi alikuwepo na mkewe, na mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam, na msichana aliyevaa kofia pana ya majani, ambaye Gabriel alimtambulisha kwangu kwa haraka: "Huyu ni Stella, mchumba wangu. Stella, huyu ni Hadija wa shambani." Stella alinipa mkono. Alikuwa mpole. Ndiye huyo mjane aliyenisamehe.

Wavuvi walisaidia kuisukuma. Ilipoelea, ilipotikisika ile mara ya kwanza kama mnyama anayeamka, nilipiga yowe peke yangu. Gabriel aliwapandisha mmoja mmoja. Mkuu wake, mke wa mkuu, mgeni, Stella. Nilikuwa nimeshavua viatu na maji yamenifika magotini alipogeuka.

"Hadija, tumejaa. Wewe raundi ya pili. Hebu tushikie kamba, halafu uangalie chakula, wale mbwa wasije wakakifikia."

Nilishika kamba. Aliposema achia, niliachia. Tanga lilipanda, likapigapiga, kisha likashiba upepo mara moja, na viraka vyangu vyote vikanyooka, hakuna hata kimoja kilichokunja uso. Nililia kwa furaha, naapa, dakika ile ilikuwa ya furaha. Halafu ikawa ndogo, halafu ikawa doa jeupe tu, nami nikakaa na masufuria ya pilau. Mvuvi mmoja aliniuliza kwa heshima kabisa, "Dada, wewe ndiye mpishi wao?"

Walirudi saa tisa, wamechomwa na jua, wana njaa, wanacheka. Niliwapakulia. Walipokaa kula nilimsogelea Gabriel. "Raundi ya pili?"

"Upepo umekwisha, Hadija. Siku nyingine."

"Upepo upo. Tazama miti."

Akanivuta pembeni. "Usiniaibishe mbele ya bosi wangu."

"Nimeshona tanga mimi."

"Na nakushukuru. Mbele ya kila mtu nitakushukuru. Lakini barua unajua inasemaje."

"Niliichapa mimi."

"Basi unajua."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonikausha. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake jina la mtaa. Alirudi kwenye sahani yake. Mimi niliingia majini na gauni langu, mkoba begani, nikapanda botini, hakuna aliyenizuia kwa sababu hakuna aliyekuwa akitazama. Nikashuka chumbani nikakaa kwenye kitanda cha kushoto. Maji yaligonga ubavu kwa nje, sentimita chache kutoka sikioni mwangu. Juu ya kitanda cha kulia palikuwa na ile kofia ya majani. Nilitoa mkasi, nikapanda juu, tanga limelala limekunjwa, nikatafuta mshono mkuu, ule wa katikati ambao ukiuachia vyote vinafunguka. Niliupata kwa kidole bila kutazama. Nikaweka ncha ya mkasi chini ya uzi wa kwanza.

Sikukata. Watu wangependa niseme moyo wangu ulikuwa mwema. Haukuwa. Nilitazama ule mshono, namna ulivyolala sawa, nikaona kwamba sijawahi kufanya kitu kizuri kama kile na pengine sitafanya tena, na mkono wangu ukakataa. Gabriel alisafiri na tanga langu miaka mingi. Nimeambiwa halikupasuka.

Nilirudi Dodoma kwenye lori la samaki bila kuaga. Nililia siku nne. Bwana Masima alinipa ruhusa kwa sauti ya msibani, mama akafunga safari kutoka Kolo akaniambia wanaume wako wengi, nami nikasema ndiyo, mama. Ilikuwa rahisi. Baadaye niliacha ile kazi, nikajifunza kushona maturubai, mpaka leo nina duka langu Chang'ombe, na siko vibaya. Lakini kabla sijaondoka Makutupora ilikuja Jumamosi moja ambayo sijawahi kumsimulia mtu. Nilikuwa nafunga ofisi, akaja msichana kwa baiskeli, nesi mwanafunzi, amevaa sare iliyolowa jasho mgongoni. Alikuwa ametoka mjini kwa kukanyaga njia yote ile na jua lile.

"Shikamoo, dada. Nimeambiwa hapa kuna boti ya tanga, mtu anaweza kuingia akaiona."

"Imeshachukuliwa."

Uso wake ulishuka. Alitazama banda tupu, yale magogo manne. Kisha akaniuliza, kwa aibu kidogo, lakini akauliza, "Wewe uliingia? Ndani ilikuwaje?"

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na vitanda viwili vya kumpa, na meza ya kukunja, na dirisha la duara, na namna maji yanavyogonga ubavu karibu na sikio. Alikuwa amekuja umbali wote ule kuviomba, na hakuna mtu duniani aliyevijua kuliko mimi.

"Chafu," nikamwambia. "Ndogo, inanuka kuku. Hukukosa kitu."

Alinishukuru. Akageuza baiskeli, akapita kati ya mizabibu akiisukuma kwa mkono, na mimi nikafunga mlango.